Maziwa ya Safari Katika Damu ya Watu Sitini na Wanne

Nakivale, Kijiji cha Kabazana,
Wilaya ya Isingiro, Uganda.
Tarehe 2 Septemba 2012

Mpendwa mdogo wangu Gervais,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Natumaini barua hii itakukuta huko Ubelgiji ukiwa mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuacha. Unalala? Unakula? Hilo la kula Mama ameniamuru niliulize mara mbili, basi nauliza tena: unakula?

Sisi huku tuko. Mvua imeanza kunyesha kidogo kidogo, majani yanarudi, na ng'ombe wa Rugaaga wameongeza maziwa. Mke wangu Annonciata na watoto ni wazima. Mama naye ni mzima, na hapo kwenye uzima wa Mama nitarudi, maana ndipo ilipo barua yenyewe.

Barua yako ilinifikia tarehe 11 Julai. Leo ni siku ya hamsini na tatu na sijakujibu. Usidhani ni kazi iliyonizuia. Ni aibu. Uliniandikia kwamba tarehe 19 Oktoba utasimama mbele ya walimu wako kutetea utafiti wako, na tangu hapo kila asubuhi nikifunga madumu ya maziwa kwenye pikipiki nahesabu siku zilizobaki. Leo ni arobaini na saba.

Nitasema moja kwa moja, kwa sababu nikizunguka nitashindwa. Usisimame na zile namba za Nakivale. Zimeharibika, Gervais, na aliyeziharibu ni mimi.

Unakumbuka masharti uliyotuma. Watu sitini na wanne wa kwetu tuliotoka Kongo, wembamba, wasio na ugonjwa wa sukari. Kila mmoja akae saa kumi na mbili bila chakula wala kinywaji isipokuwa maji, halafu damu itolewe Mbarara, katika ile nyumba ya mradi upande wa Kamukuzi. Mimi nilipewa kazi ya kuwakusanya, kuwasomea masharti na kujaza fomu. Niliwasomea vizuri, kwa Kiswahili na kwa lugha yetu. Hakuna ambaye hakuelewa.

Lakini unawajua watu wetu. Hawa hawa kanisani hufunga siku tatu kavu, bila hata maji, na bado wanaimba. Ila kufunga ni kwa Mungu, na kwenda Mbarara ni safari. Mtu wa kwetu hatoki safari midomo mikavu. Kumwacha aondoke bila maziwa ni kama kumfukuza nyumbani.

Siku ya kwanza nilifika na gari saa kumi na moja alfajiri nikauliza mmoja mmoja. Kati ya wanane, watano walikubali bila kificho kwamba wamekunywa. Niliwarudisha majumbani, gari likaenda na watatu. Kule Kamukuzi yule msimamizi, Rwakabuba, alichungulia ndani ya gari akaniuliza mbele ya madereva wake: "Wewe muzee wa maziwa, leo umeleta watu ama umeleta viti?" Wakacheka. Akaongeza kwamba yeye hapimi damu ya viti, na kwamba sitini na wanne wasipofika kabla ya mwisho wa mwezi, atafunga masanduku na ndugu yangu atafute kabila lingine la kusoma.

Safari ya pili sikuuliza tena. Hilo ndilo kosa langu, halina jina lingine. Chupa za maziwa zilikuwa zikipokezanwa nyuma ya gari, mimi nimekaa mbele na dereva, nasikia wakibarikiana safari njema, nasikia vifuniko vikifunguliwa. Chupa ya mwisho iliisha tukiingia mjini, saa moja kasoro dakika kumi. Sindano ya kwanza ilikuwa saa moja na nusu. Dakika arobaini. Kwenye fomu, pale penye saa za kufunga, niliandika 12. Nikaandika 12 kwa kila mtu, safari nane mfululizo.

Nikuambie na hili, ingawa linaniuma zaidi. Sikuandika hivyo kwa sababu ya kumwogopa Rwakabuba peke yake. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari ili wewe uendelee. Nilianza na baiskeli moja na dumu moja, leo vijiji vitatu vinakunywa maziwa kutoka mikononi mwangu, na hakuna aliyenifundisha. Halafu kwenye karatasi za mradi nikakuta nimeandikwa "msindikizaji", chini ya dereva. Nilipokuwa nikiandika ile 12 nilikuwa nikisema moyoni: wao ndio wenye digrii, wajue wenyewe. Hasira hiyo niliielekeza kwa watu wa Kamukuzi. Sikukumbuka kwamba mwenye digrii ni wewe.

Ndipo ikaja barua yako. Ulinieleza vizuri, kwa mfano wa nyumbani, kwamba insulini ni kama sauti ya mchungaji na vipokezi ni kama masikio ya ng'ombe. Ng'ombe wakisikia, mchungaji anaita mara moja wanakuja, na sukari inatoka katika damu kuingia mwilini. Ukasema kwa watu wetu umekuta mchungaji anaita mara tatu, mara nne, wakati sukari yenyewe si nyingi. Maana yake masikio yamechoka, na ugonjwa uko njiani. Ukasema umepima vimeng'enya pia na hukuona sababu nyingine, na walimu wako wamefurahi kwa sababu jambo hilo halijaonekana kwa watu wembamba namna hii. Mwisho ukaandika kwamba mtu namba 12 kwenye orodha ndiye aliyezidi wote, kwamba umeomba ruhusa ukajua ni Mama, na kwamba tangu siku hiyo hulali.

Niliisoma nimesimama kwenye kituo changu cha maziwa. Niliikunja, nikapima maziwa ya mteja, nikakosea kipimo. Mimi, Gervais, nikakosea kipimo.

Mwezi mzima nilijiambia labda maziwa si kitu. Tarehe 14 Agosti nilipeleka madumu Mbarara, nikapita kwa Eliane, yule muuguzi aliyetoa damu zote. Nikamuuliza kama anayepiga soga tu: mtu akinywa maziwa kabla ya sindano, inakuwaje?

"Maziwa yanaiamsha hiyo homoni, insulini, kuliko hata sukari," akasema. "Sukari inabaki chini, homoni inapanda juu sana. Asiyejua atasema vipokezi vimechoka." Halafu akaweka kalamu chini. "Nani alikunywa, Laurent?"

Nikasema, watu arobaini.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliuliza tu kama ndugu yangu anajua, nikatikisa kichwa.

Kumbe basi ng'ombe hawakuwa viziwi. Mchungaji aliita sana kwa sababu maziwa yalikuwa yameingia, kazi ilikuwa nyingi, naye alikuwa akiifanya kama inavyotakiwa.

Nilirudi nyumbani nikamweleza Mama. Alisikiliza hadi mwisho, ameshika ile inkongoro ya mti ya kunywea maziwa aliyotoka nayo Kongo, hiyo hiyo aliyokunyweshea wewe siku ulipoondoka. Nilitegemea atanitetea kama kawaida yake. Akasema: "Umuandikie kama nilikunywa. Na ile chupa ya mu gari, nayo nilikunywa. Usinifichefiche." Kisha akauliza ni mambo gani haya, kwamba mtoto wake asilale usiku kwa ajili ya maziwa yake yeye.

Mwenyewe ndiye aliyetaka kupimwa upya. Tarehe 27, baada ya chakula cha jioni, aliigeuza inkongoro mdomo chini mbele ya macho yangu, na saa moja na nusu asubuhi alikuwa mbele ya Eliane. Saa kumi na mbili na dakika ishirini, nimehesabu mimi na safari hii nimehesabu kweli. Mara ya kwanza homoni yake ilikuwa 36. Sasa ni 7. Eliane anasema vipokezi vya Mama ni vya msichana. Kwa hiyo lala, mdogo wangu. Kwa hilo walau, lala.

Sasa nije kwenye lile linaloweza kukusaidia. Nimezoea kuandika kila nusu lita inayotoka mkononi mwangu, na yale maziwa ya safari mengi yalikuwa yangu. Daftari langu linaonyesha nani alichukua, kiasi gani, siku gani, na aliyekunywa ya nyumbani kwake nimemfuata nikamuuliza. Waliofunga kweli ni ishirini na wanne, wakiwemo wale watatu wa siku ya kwanza. Kurasa zote Eliane amezipiga picha na atakutumia kwa kompyuta wiki hii. Ziko pamoja na barua hii pia, kwa mkono wangu.

Najua ishirini na wanne hawatoshi, na najua huenda tarehe 19 Oktoba ikapita bila wewe kusimama. Miaka minne yako nimeipiga teke kwa mguu mmoja. Waambie walimu wako kwamba fomu zilijazwa uongo na Rugamba Laurent. Andika jina lote, usiandike msindikizaji. Na kama watakuruhusu kuanza tena, nitawakusanya wote sitini na wanne, nikae nao usiku kucha ikibidi, bure. Kama hutaki niwe mimi, nitaelewa.

Mama anakusalimu sana. Annonciata anakusalimu, binti yangu Ushindi anakusalimu na anauliza kama utamtumia kitabu cha picha. Eliane naye anakusalimu. Bwana akupe uso wa kusimama mbele ya wakubwa wako, na akupe moyo wa kunisamehe, kama si mwaka huu basi mwingine.

Nilisahau kitu kimoja. Mama alipotoka kwa Eliane siku ile, alinishika mkono getini akaomba maziwa, kwa kuwa bado tulikuwa na safari ya kurudi. Nilimpimia nusu lita, akanywa akiwa amesimama. Nikatoa daftari nikaandika: namba 12, nusu lita, saa mbili na dakika tano, baada ya sindano.

Wako akupendaye, hata kama leo nashindwa kuinua macho,

Kaka yako,
Rugamba Laurent