Siwezi Kuandika Kwamba ni Uchovu

Bweni la Wafanyakazi wa Maabara,
Ghorofa ya Pili, Chumba namba 12.

Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Waonaje hali? Na mkaza mjomba, magoti yanamruhusu kupanda ngazi siku hizi? Mimi ni mzima, nakula, nalala, na kabla hujauliza: bado sijaolewa. Kile kikohozi nilichokulalamikia kimeondoka chenyewe.

Leo ni Jumapili lakini ndiyo kwanza natoka kazini. Seli hazijui Jumapili. Zinakaa kwenye kabati la joto, nyuzi thelathini na saba kamili, na zisipobadilishiwa maji yao ya chakula kila baada ya siku mbili zinakufa. Profesa wetu akikuta zimekufa, siku hiyo hakaliki.

Uliwahi kuniuliza nafanya nini hasa humo ndani, nikakujibu kwa mzaha kwamba nafuga vijidudu. Leo nataka nikueleze vizuri, kwa sababu inakuhusu. Vuta kiti.

Kila seli ina mitokondria, yaani vinu vidogo mno vinavyogeuza chakula kuwa nguvu. Vinu hivi huchakaa. Kikichakaa, kinatoa nguvu kidogo na kuanza kuvujisha sumu. Seli yenye afya haikivumilii. Kuna protini inayojikusanya juu ya kinu kibovu na kumwita mwenzake; huyo wa pili anakitia alama, kama wewe mchora vibao unavyochora alama nyekundu kwenye ubao uliooza ili usije ukautumia. Kisha kinu kinafungwa ndani ya kifuko, kinapelekwa kuyeyushwa, na vipande vyake vinatumika tena. Sisi tunavitia rangi ili tuvione. Vikiwa kazini vinang'aa kijani, vikifika pa kuyeyushwa vinakuwa vyekundu. Ungeipenda nyekundu ile, ingawa najua ungesema inahitaji kupigwa mara ya pili.

Shida inakuja usafi huo unapolegea. Vinu vibovu vinarundikana, na seli zinazoumia upesi ni zile za ndani kabisa ya ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayouwezesha mwili kusogea bila kusitasita. Zikifa nyingi, mtu anapata ugonjwa wa Parkinson. Sisemi kwamba kwa kila mgonjwa mambo huanzia hapo. Katika baadhi ya familia tunajua hivyo, kwa wengine bado tunatafuta. Ndiyo kazi yangu, mjomba, mwaka wa nne huu.

Sasa nije kwenye barua yako ya mwezi uliopita.

Umeniomba nimwandikie mkaza mjomba mstari mmoja tu. "Mwambie ni uchovu wa kazi. Wewe ndiye msomi wetu, atakusikia, aache kunisumbua na habari za hospitali." Nilikuwa tayari kuuandika, haki ya Mungu. Nilikuwa nimeshashika kalamu. Lakini mstari huo wa kwako ilinibidi niusome kwa kioo cha kukuzia.

Nikatoa barua zako zote kwenye boksi la viatu, nikazipanga kitandani kwa tarehe, nikachukua rula. Unanijua, sioni kitu nisikipime. Ile M ya "Mpwa wangu" ya mwaka nilioajiriwa ina urefu wa milimita tisa, imesimama kifua mbele. Ya mwezi uliopita ina milimita tatu. Na kila mstari unaanza vizuri, halafu unasinyaa kadiri unavyokwenda, hata neno la mwisho halisomeki. Haya ni maandishi yako wewe, mtu ambaye nusu ya mji inasoma mwandiko wake juu ya milango ya maduka.

Na mimi nilikutania. Mwaka juzi nilikuandikia kwamba umekuwa bahili wa karatasi, ukanijibu kwamba unaweka akiba kwa ajili ya kadi za harusi yangu. Nikacheka peke yangu, nikawasomea na wenzangu. Mwaka jana kopo la mafuta ya taa la kuoshea brashi lilimwagika chumbani, mkaza mjomba akaja juu kwamba umekaa humo saa nzima na husikii harufu yoyote. Tukacheka tena. Wiki iliyopita akanisimulia kwa simu habari ya kibao cha duka la dawa: neno la kwanza kubwa, la mwisho limejibana, na ubao mtupu umebaki pembeni. Mwenye duka akauliza kulikoni, wewe ukailaumu ngazi. Akaniambia pia kwamba mkono wako wa kulia siku hizi haubanduki mfukoni, hata mezani. Mara hiyo sikucheka.

Dalili hizo nazisoma kazini kila wiki. Zako zimenijia ndani ya bahasha, kwa mwandiko wako mwenyewe, nami nikaziona ni ubahili. Nisamehe. Nimelia sana juu ya jambo hili, tena chooni, maana ndipo pekee penye mlango unaofungika.

Mimi si daktari. Huenda nimekosea, na kama nimekosea nitanie mpaka nizeeke. Lakini siwezi kuandika kwamba ni uchovu. Unasema mwisho wa mwaka utaweka brashi chini kwa sababu uzee umebisha hodi. Uzee gani, mjomba, wa miaka hamsini na sita?

Kama ni ugonjwa huu, hakuna dawa inayouondoa, nisikudanganye. Hata sahani zangu za kioo, ninamofuga seli, bado hazijanipa hiyo dawa. Zipo dawa zinazorahisisha mwendo, na watu wengi wanaendelea na kazi zao miaka kwa miaka. Lakini hakuna daktari atakayempa dawa mtu aliyeuficha mkono mfukoni. Naogopa ugonjwa, ndiyo. Ila ninachokiogopa zaidi ni wewe kuacha kuchora kabla ya wakati, bure, kwa ajili ya mstari mmoja wa uongo wenye jina langu.

Nisalimie mama, umwambie shuka alizonitumia zimefika na hazikuloa. Wasalimie mapacha. Msalimie na jirani yako fundi viatu, anayekupa moyo kwamba hospitali ni kupoteza muda, mwambie nikija tutaonana. Mungu akulinde, akuongezee siku, na kila siku aijaze kazi ya mikono yako.

Jambo la mwisho. Usimkasirikie mkaza mjomba kwa kukupa bahasha iliyokwisha kufunguliwa. Niliituma kwa jina lake makusudi, kwa kuwa nakujua: ingekuja kwako ingeishia chini ya godoro. Ameisoma yote. Nimemwomba akupe asubuhi ya Jumanne, siku ambayo daktari wa mishipa ya fahamu yuko kliniki. Sasa inua macho umtazame. Atakuwa amesimama mlangoni, amekwisha kuvaa viatu.

Mpwa wako akupendaye kuliko anavyojua kuandika,

Chiriku