Siku ya Mungu mu Depo ya Papa Paluku

Makomeno, Lubumbashi, mwezi ya tano 2025

Mudogo yangu Émerance,

Yambo kwako, na yambo kwa bote ba mu lupango yako pale Kabalo. Unaamuka namna gani? Miguu ingali inavimba, ao ile majani ya kuchemusha ilisaidia? Miye niko muzima. Meno ya mbele imebakia mbili, magoti inalia kila mara ninasimama, lakini kinywa yangu haijazeeka hata kidogo. Utaona.

Kamata kiti kwanza. Dorcelle iko muzima. Narudilia, juu usifikiri muntu mwenye anakusomea barua amekosea: Dorcelle, mutoto yako wa tumbo. Nimemuona na macho yangu. Vita ya Goma haikumukula. Iko hapa Lubumbashi, anapanga chumba moya ku Kasungami, na iko na mutoto mwanamuke wa myaka kumi na moya, jina yake Shalom. Ni mujukulu yako. Lia kwanza. Mwenye kusoma angojee.

Najua utasema hauna mutoto wa ile jina. Ni myaka kumi na mbili unasema vile. Siku moya alikuita ku telefone, ukasikia sauti yake, ukakata. Ile hasira yako, Émerance, ilikosa njia, na nitaisema kabla barua haijaisha.

Dorcelle anataka kukuona, lakini mu nyumba yangu haingie. Anasema mulango yangu hatapita. Anakubali fasi moya tu: kanisa yenye anaombea kila juma, Siku ya Mungu, mu depo ya Papa Paluku, ku Kamalondo. Njo maana nataka uyue vile iko. Weye ni mukatolike wa kuzaliwa kama miye, binti ya muntu wa treni, na nakuyua: ukiona tu kitu haiko ya padri, unageuka unarudia ku njia.

Papa Paluku ni mucuruzi wa Butembo, anauzisha mucele na maharagi ya jumla. Tangu vita, malori yake haifike tena, na depo ikabakia nusu. Akasema kuliko panya bacheze ndani, bantu baombe. Kengele haiko, altari haiko. Utaikala ku kiti ya plastike, ao juu ya mufuko. Ku mulango kuko badada beko na kitambaa ya bluu mu shingo, banabaita protokole. Batakukamata mukono na kukupeleka mbele kabisa. Usipiganishe. Miye nilipiganisha, nikasema fasi yangu ni nyuma karibu na mulango, na ule dada akaniuliza kama mama anafuatwa na polisi.

Usiazime nguo. Miye nilienda na kikwembe ya shirika ya bamama ba parokia, ile ya bipande bitatu, na kitambaa ya kichwa yenye urefu wa paa. Nikakuta kijana mumoya na jean, shati inje, anasogeza mifuko. Nikamuamrisha aniletee kiti, na apanguse. Akaleta, akapangusa na mukono ya shati yake. Dakika kumi kisha, ule kijana akakamata mikro: njo pasta Hénoc. Nilitaka simenti ipasuke nizame.

Na Mama Syntiche, bibi ya Papa Paluku, mwenye angeweza kuvaa zahabu mupaka ku vidole vya miguu, alikuwa na babushi ya mpira na kikwembe ya kupikia. Nikasema mu roho, hawa batajiri banamuzarau Mungu. Nikamunong'oneza mama wa pembeni, nikimuuliza kama hapa nguo ni dhambi. Akanieleza. Bantu ba kwanza ba Goma walipofika, balibakia inje ya kiwanja, wanaona haya kuingia, juu walikimbia na nguo ya kulalia. Mama Syntiche aliwaona. Alirudia ku nyumba, akatosha nguo ya kanisa, akarudi na ile ya jikoni, akaikala nao ku mulango mupaka wakaingia pamoja. Siku ya Mungu yenye kufuata, kanisa muzima ilikuya vile. Basi nikafungua kitambaa yangu ya kichwa, nikaificha chini ya kiti. Nywele yangu yenyewe unaiyua. Hakuna mwenye aliangalia.

Banaimba sana, zingine mu Kinande, luga ya Butembo, na gitare yao inapiga kelele ya kutoboa masikio, beba pamba. Banaomba bote pamoja, kila muntu na sauti yake, kama soko ya samaki. Usifikiri banagombana. Rozari yako uishike mu mukono. Yangu hakuna mwenye aliniuliza.

Kisha pasta atasema wageni ba mara ya kwanza basimame. Simama. Sema jina yako, na fasi unatokea. Kanisa muzima itakuimbia na kupanga mustari kukukumbatia, mumoya mumoya, na utasikia jasho ya kila namna. Siku hizi ile kazi inachelewa, juu muntu anasema tu jina na mutaa ya Goma, na kule nyuma mwingine anapiga kelele: ni jirani yake, ni mukwe yake, alifikiri alisha kufa. Siku moya mwanaume mumoya aliangusha biti bine ya plastike akiruka kumufikia kaka yake.

Sasa nikuambie haya yangu, juu unicheke miye mbele ya kucheka wengine. Kisha maombi, bamama banapita na sinia ya mukate na chai ya tangawizi, juu wengi hawakukula tangu jana. Hakuna mwenye aliniambia. Miye naona mukate inakuya juu ya sinia, imekatwa muzuri. Nikafikiri ni komunyo, nikapiga magoti pale pale ku simenti, nikafunga macho, nikafungua kinywa. Mwingine angenicheka. Mama Syntiche akavunja kipande, akanitia mu kinywa polepole, sawa padri. Nikasema Amina. Halafu nikasikia iko na margarini. Margarini, Émerance! Nikafungua macho, nikamukuta naye amepiga magoti mbele yangu, machozi inamutoka kwa kuzuia kicheko. Njo tulicheka, na depo yote ikacheka. Mupaka leo bananiita miye Mama Margarini, na pasta ndiye wa kwanza.

Utauliza, Brigitte mwenye alikuwa prezida wa shirika ya bamama alienda kutafuta nini pale. Sikuenda kuomba. Nilienda kusikiliza majina. Nilikuwa nayua tangu kitambo, kwa bacuruzi ba Kamalondo, kama Dorcelle anaishi Goma. Kuuliza muntu sikuweza, juu angeniuliza naye: ule mutoto alitoka namna gani kwako? Niliikala Siku ya Mungu sita. Ya saba, mwanamuke mumoya alisimama, mwembamba, na mutoto pembeni, akasema jina yake, akasema alizaliwa Kabalo. Niliingia mu mustari na bantu bote. Nilipofika, alinipatia mukono kama vile unapatia mugeni. Nikamuita mutoto yangu. Akaniuliza ku sikio kama nilikuambia ukweli.

Ukweli njo huu. Dorcelle hakutoroka na dereva wa lori. Dereva hakukuwa. Ulimutuma kwangu asome, akapata mimba, na bamama ba shirika walikuwa wametoka kunichagua prezida. Niliogopa kinywa yao. Nilitosha mufuko yake inje ku njia, nikafunga mulango. Magaribi alirudi, akapiga hodi. Nilikuwa ndani. Nilikamata kinu nikaanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu, juu nisisikie. Niliitwanga mupaka ikakuwa maji. Kesho yake nikakutumia ile habari ya dereva, na weye uliamini, juu miye ni yaya yako, mukubwa yako wa kuzaliwa. Mucuruzi mumoya wa bikwembe njo alimuokota na kumupeleka Goma.

Unayua sikusoma. Miye nasema, Dorcelle njo anaandika. Nilitaka mwingine aandike, akakataa, akasema nitamuambia yeye. Tuko mu depo, juu ya mifuko, Shalom analala pembeni. Nilipofika ku ile ya sombe, kalamu yake ilisimama. Akaniomba nirudilie. Nikarudilia. Akasema ile kinu aliisikia, lakini myaka yote alikuwa anafikiri ni ya jirani, pengine nilikuwa nimetoka, njo maana sikufungua. Akatoka inje. Nilifikiri hatarudi. Alirudi, akaandika, akaniuliza kama ninataka aifute. Nimesema aiache.

Ku telefone ningekudanganya tena, ningesema sauti inakatika, rezo ni mubaya. Papa Lucien, mwenye anatumika ku treni, atakupatia barua hii mu mukono, na akirudi huku atakuleta ukipenda. Ku gare ya treni sitakuwa. Utamukuta Dorcelle na mutoto. Mukienda ku kanisa, miye nitakuwa nyuma, kule kwenye mifuko. Ukipita bila kuniangalia, nitaona umepita muzuri. Ukitaka kunitukana, ngojea tu pasta amalize.

Usalimie shemeji, usalimie bajukulu ba pale, na bamama ba parokia wenye bangali banakumbuka jina yangu. Mungu akutunzie miguu mupaka ikufikishe.

Ni miye yaya yako,
Brigitte

Mama, ni miye Dorcelle: ameweka alama ya kidole mbele yangu. Sikuongeza kitu. Shalom anauliza utavaa nguo ya rangi gani, juu akuyue ku gare.