Kilo Kumi na Mbili za Kwenda Kitgum

Jumatatu, 3 Machi 2025

Likizo imetoka. Wiki mbili, kuanzia tarehe 22. Miaka mitatu nasimama mlinzi kwenye geti la hoteli Nakasero, kila mwaka naomba Januari, jua kali, barabara kavu — wamenipa mvua inapoanza. Supavaiza akasema nishukuru. Nikashukuru. Hadi sasa taya zinaniuma.

Lakini naenda. Kampala hadi Kitgum kwa baiskeli, kilomita mia nne na zaidi, peke yangu, kwa kaburi la mama. Basi linafika kwa siku moja. Sitaki siku moja. Mama alikufa 2008, nikiwa na miaka kumi na saba. Tulimzika mimi na mdogo wangu Bonny na wajomba. Tangu hapo nimerudi mara mbili tu, mbio mbio, kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Safari hii nataka kufika polepole, kwa miguu yangu.

Sheria ni moja: mzigo wote usizidi kilo kumi na mbili, maji ndani yake. Pesa ni kidogo, kwa hiyo akili lazima iwe nyingi.

Naandika Kiswahili. Tulikulia kambi ya jeshi, Mbuya, ndicho tulichochezea. Tena wenzangu wa getini hawakisomi. Daftari liko salama.

Jumamosi, 8 Machi

Hema. Nimelinunua kwa Travis, yule Mkenya wa kikundi cha baiskeli anayeuza vitu vya kambi. Kaapa kwamba limelaliwa mara moja tu. La watu wawili, jepesi kama shuka, alisema.

Nimelipeleka kwa Sumayiya, jirani yangu fundi cherehani, ana mizani ya kupimia mchele. Kilo nne na robo! Theluthi ya mzigo wangu wote imeliwa na hema. Na kuna ufito mmoja umepasuka, umezungushiwa selotepu ya kijivu — rangi ileile ya ufito. Mtu alikaa chini akachagua selotepu ya kunidanganyia.

Nimempigia Travis. Anasema kitu kikishatoka mkononi mwake kimetoka. Nikamuuliza kama anauza hema au anazika maiti. Akakata simu.

Jumapili, 9 Machi

Bonny amemwambia mzee.

Nilimkataza. Nilimwambia kwa herufi kubwa kwenye simu. Sasa baba yangu, Otema, mstaafu wa jeshi, miaka sitini na nne, mlinzi wa shule Kyebando, mwenye vidonda vya tumbo na baiskeli nyeusi ya zamani nzito kama kitanda cha chuma, ametuma ujumbe: "Tunaondoka saa ngapi?"

Tunaondoka! Nani alisema tunaondoka? Mazishini hukuja, kwa nini unakuja sasa?

Sijamwandikia hivyo. Nimemwandikia nitapita Jumatano.

Jumatano, 12 Machi

Nilienda Kyebando kumkataza. Nimerudi yeye tayari yumo safarini. Sijui ilivyotokea. Hapana, najua.

Nilimkuta uani kwake. Akaomba orodha yangu. Akavaa miwani, akasoma taratibu, halafu akaanza kukata kwa kalamu kama mwalimu. Hema — mstari. Mfuko wa kulalia — mstari. Jiko la gesi — mstari. Nikamwambia sikuja kusahihishwa. Akasema alitembea na nyumba mgongoni miaka ishirini na minane, na kila kitu ambacho hakukitumia kwa siku tatu alikitupa porini.

Kisha akakunjua hema la Travis. Kalishika, kalinusa. "Ayoo," akaniita kwa jina, "hili hema paa lake ni zima. Chukua paa, mengine acha."

Basi. Paa peke yake lina kilo moja na gramu mia moja. Linafungwa kwa kamba kutoka mti hadi mti, na mahali pasipo na miti unageuza baiskeli juu chini, magurudumu yanashika kamba. Ndani unaning'iniza chandarua. Chini unaweka godoro jembamba la sponji ya wale wanaotengeneza ndala, haishiki maji. Badala ya mfuko wa kulalia, blanketi la mtumba la manyoya mepesi, na soksi. Mifuko ya pembeni: madumu mawili ya lita kumi, unakata juu, unafunga kwenye keria kwa mpira wa tyubu kuukuu. Mvua haiingii. Karibu bure.

Nilikesha wiki nzima nikiangalia video za Wazungu wenye mifuko ya bei ya ng'ombe. Na yeye kamaliza kwa nusu saa, anakunywa chai.

Kinachonichoma si kwamba anajua. Ni kwamba alijua haya yote wakati tuko watoto na hakutufundisha hata kufunga kamba. Hakuwepo.

Jumapili, 16 Machi

Jana tulilala kwenye uwanja wa shule anayolinda, kujaribu. Alikuja na sigiri ya udongo, sufuria ya watu kumi, na kilo mbili za makaa. Nikamwambia yeye ndiye aliyekata orodha yangu, sasa hii ni nini. Tumbo lake, akasema, linataka uji kila asubuhi, na chakula cha barabarani kinamuua. Tukagombana mbele ya mlinzi mwenzake. Mwisho nilitengeneza jiko kwa kopo la soda: unakata, unatoboa matundu pembeni, unatia spiriti. Linachemsha vikombe viwili vya uji, uzito wake kama barua. Alilizungusha mkononi muda mrefu. Nikafurahi, shauri yake.

Usiku mvua ilipiga kweli. Paa halikuvuja. Upande wangu maji yalipita chini kwa sababu sikuchimba mfereji. Upande wake mkavu. Alikuwa amechimba wake tu! Asubuhi nikamuuliza. Akasema alidhani nimemwona akichimba.

Wakati wa uji, bila kuulizwa, alirudia hadithi yake. Mwaka ule aliomba ruhusa ya kwenda kumzika mama, wakubwa wakamnyima. Alisimama mbele ya meza yao saa nzima, akasema. Nimeisikia mara mia. Huwa namwonea huruma hapo, na nikimwonea huruma nakasirika zaidi, maana hasira inakosa pa kukaa.

Jumanne, 18 Machi

Nimeenda kwa Ogwang afunge keria. Ogwang ni fundi baiskeli hapo Kyebando, zamani askari, kikosi kimoja na mzee. Anafunga nati, anapiga soga. Akauliza tunapita Karuma? Nikasema barabara ni hiyo, daraja la Mto Nile ni hilo. Akatikisa kichwa, akasema itakuwa vigumu kwa mzee kupaona tena pale.

Nikauliza kwa nini.

"Wewe ulikuwa mtoto," akasema. "Siku ile ya kuzika mama yako tulikuwa kwa gari moja, mimi na mzee. Tulipewa ruhusa wote wawili, mimi nimsindikize. Karuma akashuka kununua maji. Hakupanda tena."

Nikamwambia mzee alinyimwa ruhusa. Ogwang akaacha spana. Aliniangalia, akaangalia chini, akaanza kutafuta nati ambayo haikupotea. Akasema labda amechanganya miaka. Hakuchanganya. Yeye alifika hadi Kitgum. Sasa nakumbuka kulikuwa na askari mmoja makaburini, amesimama nyuma, kofia mkononi. Nilidhani ametumwa na jeshi.

Miaka kumi na saba! Nimewachukia wakubwa wasio na majina miaka kumi na saba. Nimepita mbele ya lango lao pale Mbuya nikageuza uso nisitapike. Na ruhusa alikuwa nayo mfukoni.

Alhamisi, 20 Machi

Sijamwambia kwamba najua. Nimepima mizigo. Wangu kilo kumi na moja na nusu. Wake kumi na mbili na robo. Nimemtolea shati moja na tochi ya pili. Nimevitoa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kifungo cha shati kikang'oka.

Sumayiya amepinda kingo za paa na kuweka matundu ya kamba, hataki malipo. Amesema nina uso wa mtu anayekwenda polisi. Kwa nini usimwache? akauliza. Nadhani nataka kuiona sura yake tukifika Karuma.

Jumamosi, 22 Machi

Luweero. Kilomita sitini na tano. Tumefunga paa nyuma ya kanisa, padri karuhusu.

Malori karibu yatuvue nguo. Mzee anaendesha pole pole, mgongo wima, hasimami. Mimi nakwenda mbio kisha nasimama kumsubiri, nakwenda mbio, nasimama. Nimechoka kuliko yeye. Madumu yanagonga keria, kigo-kigo-kigo, siku nzima kama swali.

Leo nimechimba mfereji kwanza. Pande zote mbili. Nimemchimbia na yeye, nikijichukia.

Jumatatu, 24 Machi

Tumevuka Kafu. Jua, halafu mvua, halafu jua. Pancha mbili, zote zangu. Tairi lake la kizamani halisikii mwiba. Nilibeba viraka sita nikajiona nimezidisha. Vimebaki vinne. Solusheni ya kuvibandikia imeganda nusu.

Asubuhi spiriti ilimwagika. Aliacha kifuniko wazi. Nilimpigia kelele — kwamba ni mzembe, kwamba hawezi kuaminiwa hata na chupa, kwamba kila kitu anachopewa kukitunza anakiacha. Watu wa dukani wakatoka kutazama. Alikaa na kikombe kitupu mkononi. Akasema, pole, ni kidogo tu imemwagika.

Ni kidogo kweli. Robo ya chupa.

Aliendesha bila uji. Mchana nikamwona ameshika tumbo. Nilinunua maziwa, nikampa bila kumwangalia. Akanywa.

Jumanne, 25 Machi

Bweyale. Mvua tangu alasiri. Tumelala kibarazani kwa mwanamke mmoja anaitwa Aol, aliyesema turubai letu ni la aibu na kutuingiza. Mzee hakula. Alifungua na kufunga mfuko wa viraka, akahesabu kamba mara tatu. Kesho Karuma. Anajua kwamba kesho ni Karuma. Sijui kama anajua kwamba najua.

Jumatano, 26 Machi

Karuma, kwenye kibanda cha chai kabla ya daraja. Saa nne asubuhi. Naandika hapa hapa mezani, siwezi kungoja jioni.

Tulifika senta, penye maduka, nikamwona anapunguza mwendo. Akashuka. Akaegemeza baiskeli kwenye ukuta wa duka moja la kona, ambalo sasa linauza vocha. Akasema anaingia kununua maji.

Chupa zetu zote za maji zilikuwa zimejaa. Tulijaza Bweyale.

Nikamwambia: "Baba, Ogwang ameniambia."

Sijamwita baba tangu nilipokuwa msichana. Tunamwita mzee. Nilikuwa nimetayarisha maneno kilomita mia mbili na sitini, makali, kwa mpangilio, na yote yakabaki Luweero.

Hakukana. Alisimama na mkono kwenye nguzo ya duka. Akasema, "Nilishuka hapa. Gari likapiga honi mara tatu. Nikasema nitapanda la pili." Akatazama barabara. "Yakapita mengi."

Nikamuuliza kwa nini. Akasema mama alimwandikia barua mbili akiwa mgonjwa kule Kitgum, akimwita, na hakwenda. Alikuwa na mwanamke Kampala wakati ule. Pale dukani akaona hawezi kufika mbele yetu, mimi na Bonny, tukamtazama. Nikamwambia tulikuwa watoto, tulimtazamia barabarani siku mbili, mjomba akachelewesha kaburi kwa ajili yake. Nilisema kwa sauti kubwa. Nilisema mengine ambayo sitayaandika. Kila mtu pale alisikia na sijali.

Akasema, kama nataka, ageuze arudi Kampala. Atanipa blanketi lake na viraka.

Nikamwambia afanye anavyotaka, ndivyo alivyofanya siku zote. Nikaja kukaa hapa.

Chai imepoa. Hasira haijapoa. Nilidhani nikiisema itapungua; imeongezeka. Hapa nilipo naona baiskeli zetu mbili, yake na yangu, madumu manne ya njano, paa la hema limefungwa juu ya keria yangu. Namwona ameishika yake. Dakika kumi sasa ameishika. Nyani wako kando ya barabara wanamtazama.

Anasukuma. Haipandi, anasukuma — kuelekea darajani. Anakwenda kama mtu anayepita kwenye matope.

Amefika kwa askari wa kizuizi cha darajani, hatua chache kutoka hapa. Kijana, bunduki begani, anamsalimu kwa heshima, labda kauona mgongo ule wima wa kijeshi. Anamuuliza anakwenda wapi na baiskeli na mizigo yote hii.

"Naenda kuzika," mzee anasema.

Askari amevua kofia. Anampa pole. Anamuuliza amefiwa na nani.

Amegeuka, ananitazama mimi, na askari naye anafuata macho yake hadi hapa kibandani, wote wawili wananisubiri nijibu mimi —