Kwa Baba Mkwe Aliyenifundisha Njia za Mtandao Akiwa Nje ya Dirisha

Mpendwa Tata,

Katika miaka kumi na sita niliyoishi kama mkamwana wako sikuwahi kukupa mkono, wala wewe hukuwahi kukalia kiti cha sebuleni kwangu. Baba wa Kikurya haingii nyumbani mwa mwanawe aliyeoa, na mila hiyo uliishika kama askari anavyoshika zamu. Mimi nilikuja kwenu kutoka Serengeti, binti wa Kiikoma, mwalimu wa historia mwenye masanduku mawili ya vitabu na mdomo usiojua kupoa, na mila hiyo niliishambulia gazetini mara tatu. Makala zote tatu ulizisoma. Ya tatu ulimpa Marwa, mwanao, anirudishie, ukiwa umesahihisha kwa kalamu nyekundu jina la kijiji nililolikosea. Hoja zenyewe hukuzigusa.

Nakuandikia hadharani kwa sababu nilikuvamia hadharani. Shukrani nayo isipite uchochoroni.

Asiyekujua ajue kwamba ulikuwa fundi wa simu wa enzi za kupanda nguzo na mkanda kiunoni, ukajifunza kompyuta nywele zikiwa zimeshakuwa nyeupe, kwa vitabu vya kuazima. Nyumba yangu na Marwa iko kwenye mwinuko, si mbali na Kerende, na ndiyo pekee kijijini inayoonana na mnara wa mtandao bila kilima kuziba. Kijiji kikakubaliana kwamba mtandao ufike kwangu, kisha ugawanywe: upande mmoja uende kwenye chumba cha kusomea nilichowafungulia wanafunzi uani, upande wa pili uruke kwa antena hadi zahanati kule bondeni, ili mganga aweze kutuma picha ya kidonda na kuwauliza madaktari wa mjini kabla ya kumsafirisha mgonjwa. Kazi ya kugawa ilikuwa ya kompyuta moja kuukuu yenye mfumo wa Linux, uliyoifufua wewe mwenyewe na kuiwekea kadi tatu za mtandao. Ikaletwa sebuleni kwangu. Hapo mila ikatuumbua sote: fundi haruhusiwi kuingia, aliye ndani si fundi, na Marwa, ambaye angekuwa mikono yako, alikuwa mbugani akiendesha watalii wiki mbili mbili.

Ukaweka kigoda nje, chini ya dirisha. Mgongo ukutani, uso kwenye migomba.

"Mama Ghati, umeketi?"

"Nimeketi, Tata. Shikamoo."

"Marahaba. Usiguse kitu kwanza. Nikueleze kilichomo."

Ukaeleza kwamba ndani ya mfumo kuna kerneli, yaani kiini chake, na kwamba hiyo ndiyo inayoshika kila kadi kama mlango, na ndiyo inayotunza orodha ya njia: anwani hizi zipite mlango huu, zile mlango ule.

"Sasa sikiliza. Hakuna programu inayoingia kwa kerneli ikaandika njia kwa mkono wake. Inasimama nje, inapeleka ujumbe: naomba mlango huu upewe anwani hii. Kerneli inajibu. Imekubali au imekataa, na ikikataa inataja sababu."

"Kama wewe hapo nje."

"Kama mimi hapa nje. Na kazi inafanyika."

Nilikasirika, Tata. Niliona umenichomekea mahubiri ya mila katikati ya somo la kompyuta. Siku ile niliandika amri zako nikigonga vidole kama ninayepiga ngoma, na majibu ya mashine niliyatazama nusu nusu, maana nilikuwa natunga kichwani jibu langu kwako. Tukaufungua mlango wa zahanati, ukafanya kazi, ukaniaga.

Kuhusu mlango wa chumba cha kusomea, ulisema tutaumaliza ukirudi kutoka Turwa, ulikokwenda kumuuguza dada yako. Mimi ningojee? Niliichukua kwenye faili ile mistari ya mlango wa zahanati, nikainakili yote, nikabadilisha jina la mlango tu. Marwa alipopiga simu nikamtambia kuwa nimetekeleza usawa: wagonjwa na wanafunzi wamepata kitu kilekile, namba kwa namba.

"Hongera, mama," akasema. Naye hakujua.

Kuanzia hapo hatukuwahi kuona pande zote mbili zikipata mtandao kwa wakati mmoja. Wanafunzi wangu waliweza kusoma siku tatu bila shida, zahanati haipati kitu. Umeme ukikatika, ukirudi zahanati inapata na chumba changu kimekufa. Mimi niliona jambo moja tu: zahanati ikipata, watoto wangu wanakosa. Basi yuko mtu anayeukata. Na mtu mwenyewe nilikuwa naye tayari, Hassani, mganga wa zahanati, mtumishi aliyepangiwa kwetu kutoka Lindi, mpole kupita kiasi, asiyejibu mtu kwa sauti. Upole wake nikauhesabu kuwa ushahidi. Nikaandika kurasa mbili za kumshtaki kwamba anauchezea mtandao wa kijiji, nikajiandikisha kuzisoma kwenye mkutano wa Ijumaa. Nilijua uzito wa kalamu yangu pale. Mgeni akitajwa na Mwalimu mbele ya kijiji kizima kwamba anawahujumu watoto, mgeni huyo hamalizi mwezi.

Nilimsomea kwanza jirani yangu, Mama Weigesa. Alipiga makofi.

"Hapo umemweza! Arudi kwao pwani akale pweza!"

Ilinipasa nishtuke. Nilifurahi.

Alhamisi mchana nikasikia kigoda kikikwaruza ukuta.

"Mama Ghati, nimesikia kesho unamsomea mtu hukumu."

"Si hukumu, Tata. Ni hoja."

"Umemwuliza mwenyewe?"

"Nimwulize nini? Atakubali?"

"Haya. Iulize kerneli basi. Yenyewe haina kwao Lindi." Ukakohoa kidogo. "Andika ip route, itoe orodha ya njia. Kisha nisomee. Mimi sioni."

Nikaandika, nikatupia macho. "Iko sawa. Njia ya nje moja, za ndani mbili."

"Sikukuomba muhtasari, Mwalimu. Soma namba."

Ulikuwa hujawahi kuniita Mwalimu. Nikasoma, kwa sauti ya mtu aliyeonewa.

"Moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta, moja, nukta, sifuri. Mlango eth1."

"Endelea."

"Moja tisa mbili, nukta, moja sita nane, nukta, moja, nukta, sifuri. Mlango eth2."

"Rudia huo."

"Nimeusoma sasa hivi!"

"Rudia."

Nilipofika kwenye ile moja ya tatu, macho yakanirudi mstari wa juu.

"Tata, namba ni zilezile."

"Na milango?"

"Miwili."

"Sasa jibu la mganga likirudi kutoka mjini, kerneli itafuata mstari gani?"

"Wa kwanza."

"Wa kwanza ni upi?"

"Wa mlango ulioamka kwanza umeme uliporudi."

Hilo hukuwa umenifundisha. Lilinitoka lenyewe, na lilipotoka nikaona kila kitu. Nilikuwa nimezipa nyumba mbili anwani moja, na kerneli, yenye uaminifu kuliko mimi, ilikuwa ikipeleka barua zote kwenye ile nyumba iliyoandikwa juu. Hassani alituma picha ya mguu wa mgonjwa, daktari akajibu, jibu likatupwa kwenye waya wa chumba cha kusomea ambako hakuna aliyelingoja. Hakuna aliyekata chochote. Usawa wangu ndio uliokata.

Wewe hukucheka. Mtu mwingine angecheka.

"Kipe chumba chako namba mbili mahali pa ile moja ya tatu," ukasema.

Nikaandika upesi, nikairudia amri ileile mara ya pili bila kujua.

"Imekataa!"

"Imekataa nini? Soma."

"Inasema hiyo ipo tayari."

"Basi imekujulisha. Hiyo si kukataa."

Pande zote mbili zikapata. Nikapiga kelele kama mtoto, na wewe ukaniambia niizime mashine.

"Tata, inafanya kazi!"

"Umeiambia kerneli kwa mdomo tu. Ikizimwa inasahau. Andika kwenye faili, zima, washa, kisha nisomee orodha upya. Yaliyoandikwa kwenye faili ni matumaini yako. Ninataka kusikia kilichomo."

Nimesoma vitabu vingi, Tata, vya wanafalsafa na vya wanamapinduzi, na nimewanukuu hata pale wasipohitajika. Hakuna aliyenipa sentensi iliyonifanyia kazi kama hiyo. Tangu siku ile, nikiambiwa mradi umekamilika, sianzi tena kwa kupinga. Naomba kuonyeshwa bomba, nalifungua, natazama kama maji yanatoka. Yakitoka nanyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu husafiri kuja kulishuhudia. Yasipotoka, napigana nikiwa na miguu ardhini. Wapinzani wangu wanasema nimezeeka na kulainika. Kumbe sasa nawauma zaidi.

Na niseme ukweli wote, kwa sababu hata ukiwa kaburini sitakubembeleza. Mila ile bado naipinga. Imewafanya wakamwana wengi waishi kama wageni katika boma lao wenyewe, na siku binti yangu Ghati atakapoolewa nitasema hivyo tena. Lakini ningekuwa mwongo kama ningeficha hili: ungeruhusiwa kuingia, ungeinama begani kwangu, ungeona kosa kwa kupepesa jicho, ungelirekebisha na kwenda zako. Mimi ningebaki na mtandao mzima na kichwa kilekile. Kwa kuwa hukuona, ilinibidi nisome. Mila haikutukusudia wema huo. Wewe ndiye uliyeufinyanga kutokana na kitu kigumu tulichopewa, na mimi nikala matunda yake huku nikinung'unika.

Ijumaa nilisimama mkutanoni bila karatasi. Ulikuwa umeketi na wazee wenzako, umetazama pembeni kama inavyopasa.

"Mwalimu," mwenyekiti akasema, "hapa nimeandika una malalamiko."

"Ninayo. Ninajilalamikia mwenyewe."

Watu wakacheka, wakidhani ni utangulizi wa kumchinja mtu. Nikawaeleza kosa langu la anwani, kwa lugha ya nyumba na barua, nikasema zahanati imekosa mtandao kwa mkono wangu, na nikataja kwamba nilikuwa nimeandika kurasa mbili za kumsingizia Hassani. Mama Weigesa akatazama viatu vyake. Hassani akainuka taratibu.

"Mwalimu, mimi nilidhani ni wewe unayenifungia, ili wanafunzi wapate zaidi."

"Mbona hukusema?"

"Naiogopa kalamu yako."

Kijiji kizima kikaangua kicheko, na hicho kilikuwa kipigo kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kupigwa na mpinzani. Mtu mwenye wagonjwa mikononi alinyamaza kwa kuogopa nitakayoyaandika. Nimekuwa nikijiita mtetezi wa wanyonge tangu nikiwa chuoni.

Hassani hakuhama. Mwaka huu, mapafu yako yalipoanza kukusaliti, yeye ndiye aliyepanda mwinuko kila asubuhi kuja bomani kwako. Alipiga picha, akatuma mjini, akasoma majibu, akakubadilishia dawa. Mjini walipoandika kwamba hakuna zaidi la kufanya, alikuja vilevile. Mimi nilipika uji, nikauweka kizingitini, maana mila ileile hainiruhusu kukugusa, na Marwa mara nyingi alikuwa mbugani. Yeye aliupokea, akakuinua, akakulisha kijiko kwa kijiko, akakufuta mdomo, akakuogesha. Nilisikia mkigombana kuhusu mpira, wewe ukimwambia watu wa kusini hawajui kupiga penalti. Wiki tatu zile za mwisho ulicheka kuliko nilivyokusikia ukicheka miaka yote kumi na sita.

Asubuhi uliyoondoka alitoka akanikuta uani. "Mzee amepumzika, Mwalimu. Nilikuwa nimemshika." Akakaa chini, akalia kama mtoto wa nyumba ile.

Nimehesabu siku zote tangu hapo, Tata. Kama ningezisoma zile kurasa mbili, angekuwa ameshahamishwa zamani, na zahanati yetu ingekaa bila mganga kama zinavyokaa nyingine. Sisi uliotulea na kututunza tungebaki tumesimama na bakuli zetu za uji, na ungekufa bila mkono wa mtu kukushika.

Kwa hiyo hii ndiyo barua, na humu sibishani nawe. Ahsante kwa kuninyamazisha siku moja tu katika maisha yangu, na kwa kuichagua vizuri siku yenyewe.

Mkamwana wako,
Mama Ghati