Vigae vya Rajabu

Kwa dada yangu mpenzi Mwajuma,

Shikamoo dada. Shikamoo ya pili ni ya Rajabu, yuko tanuruni, hajui kama naandika. Mama hajambo? Miguu inamfikisha barazani, au bado anashikwa mkono? Shemeji naye, fundi wetu, kile kikohozi cha vumbi la mbao kimemwacha? Binti yako Asha amejifungua salama? Na jirani yenu muuza samaki, yule wa migebuka, bado anagombana na paka? Nikisikia wote wazima nitapata usingizi. Sisi huku juu, kupita Kalinzi, ni wazima, ila baridi ya huku, dada, inaingia hata ndani ya sufuria. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Kisomo cha watu wazima kimenifikisha hapa, basi herufi zikilala usizicheke.

Kijiji hiki kipya kimeshajipanga, nyumba mstari mmoja kama meno. Rajabu wamempa kazi ya kufyatua matofali ya shule, na wanamsifu. Lililonishikisha kalamu ni mchezo wake. Unakumbuka masika, yeye akiwa mdogo hapo kwenu, shemeji akiwapangia watoto vipande vya mbao barazani, kila kipande ni chumba, wakitembeza mbegu za ukwaju humo? Ndio huohuo. Sasa anafyatua vigae vya udongo, mraba, vya kuenea kiganjani, anavichoma pamoja na matofali. Kila kimoja kina kuta zilizoinuka pembeni kama ukingo wa sahani, na pengo la mlango. Vyote kipimo kimoja, kwa hiyo mlango wowote unakutana na mlango wowote. Leo ni pango, kesho ni ngome. Kimoja kina ngazi, kimoja kina mto, kimoja kina shimo alilolipaka masizi.

Vinalazwa kifudifudi mbele yake. Wewe una mbegu yako, na huoni ila chumba ulichomo. Ukisema napita mlango huu, anafunua kigae, anakiunga, anakwambia umekuta nini: chatu, daraja bovu, jini aliyelalia sanduku. Unarusha kete za kauri kujua kama umepona. Mimi nilikuwa napita tu na ungo wangu, nikauliza kule ndani kuna nini. Mpaka leo sijaacha kuuliza.

Watu wakaanza kuja Jumapili, kucheza na kutazama. Siku moja mbegu ya mzee Ruhaga, jirani yetu, ikaanguka shimoni. Kesho yake beberu wake akatumbukia kwenye shimo la choo linalochimbwa. Wakamtoa kwa kamba, na mzee mwenyewe akacheka. Mkewe hakucheka. Alikwishaona zile kete, akaona na mchanga ambao Rajabu hutandaza chini ili vigae vikae sawa, na sisi tumetoka Ujiji. Huku wanaamini kila mtu wa Ujiji ana ramli chini ya kitanda.

Habari ikazunguka. Mama mmoja akaja, akasalimu kwa Kiha, mwakeye, mwakeye, akamwomba Rajabu akiweke kile kigae cha mto karibu na nyumba yake, maana maji ni mbali. Rajabu akamjibu, "Mama, ningekuwa na uwezo huo ningekuwa nafyatua matofali?" Yule mama akaondoka, akarudi na kuku. Rajabu akamrudishia kuku wake. Wakadhani anataka mbuzi.

Ndipo maneno yakamfikia mwenyekiti wa kijiji. Amevichukua vigae vyote kwenye debe, amevifungia ofisini. Anasema hataki ramli hapa, na kwamba asipotokea mtu mzima wa Ujiji, asiye mama yake, wa kuthibitisha kuwa ni mchezo, kikao kijacho vitavunjwa na Rajabu atatolewa tanuruni. Tulipofika nyumbani Rajabu akaniambia, huku anakunja shati lake taratibu, "Wakivivunja, mama, mimi navuka ziwa."

Dada, unajua baba yake alivuka hivyohivyo, na mpaka leo habari zake nazisikia kwa watu. Mtoto akipaza sauti siogopi. Akikunja shati naogopa.

Basi naomba, vile vipande vya mbao vya shemeji bado vipo? Mara ya mwisho niliviona vimeegemeza mtungi wa mama. Mtungi utafutiwe jiwe. Shemeji avilete mwenyewe kwa lori linalopanda kuchukua kahawa, akae na mwenyekiti, amwonyeshe anavyowachezesha watoto. Fundi seremala mwenye mvi hawatamwambia mpiga ramli.

Na sidhani atapata taabu sana. Mke wa mwenyekiti ameninong'oneza kisimani kwamba mumewe huvipanga vile vigae juu ya meza ya ofisi, na jana alimuuliza, hivi hiki chenye ngazi kinaunganishwa wapi? Nilicheka, kisha nikaingiwa na hofu. Siku walipovichukua, mbegu yangu mimi ilikuwa imesimama mlangoni pa chumba cha mwisho, na Rajabu amekataa kabisa kuniambia ndani kuna nini. Anasema nitaingia mwenyewe.

Nisalimie mama, umshike miguu kwa ajili yangu. Msalimie Asha na mwanawe, shemeji, na muuza migebuka pamoja na paka wake.

Jibu upesi, dada, hata kwa mdomo wa dereva. Mwambie shemeji afike kabla kikao hakijakaa, na kabla mwenyekiti hajafungua kile chumba bila mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Rajabu