Mstari wa Buluu Kwenye Kiondo Chako

Glasgow,
Jumapili mchana

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka hapa kwa dirisha langu, mvua ikinyesha ile ya huku, ya kunyunyiza tu kama mtu anayepiga nguo pasi. U hali gani? Mgongo unaendeleaje? Na wale kuku waliobaki baada ya ugonjwa, wametaga? Mvua ya Kalamba imeshika ama imewadanganya tena? Mimi ni mzima, nakula, na ninavaa sweta zote mbili kama ulivyoamuru.

Ukishika barua hii utaona ni nzito. Usifikirie nimekuwa mtu wa maneno mengi. Ni vile nimeandika kwa herufi kubwa, kubwa kama za ubao wa nasari, na nina sababu. Ni kuhusu kiondo ulichonitumia. Kuna kitu nimekiona ndani yake na nataka unijibu ukweli, kwa sababu tangu nikione moyo wangu haujatulia.

Unakumbuka kazi yangu hapa, kukaa kwa kiti ndani ya jumba la sanaa na kuambia watu wasiguse. Siku niliyokueleza ulicheka mpaka ukakohoa. “Kwani picha huibwa kama mbuzi?” ukaniuliza. Lakini Mwaitu, ukikaa na picha moja kutoka asubuhi mpaka jioni, siku nyingi, mnaanza kuzoeana. Kuna moja ya shamba la ngano, chumba cha pili. Saa nane hivi, jua likitokea, mwanga unaingia kwa kioo cha juu na kushuka polepole juu ya ile ngano, na bila kujua nimeshatoka Glasgow. Niko kwa shamba letu la ndengu kule chini karibu na mto, na wewe uko mbele yangu umeinama, leso imefungwa kiunoni, unaniita nilete debe. Mtu akiniuliza choo kiko wapi ndipo ninarudi.

Mwaka huu wafanyakazi tulipewa darasa la bure la kujifunza kuandika uhakiki wa maonyesho. Mwalimu wetu ni Bi Helen, mama mwembamba wa nywele nyeupe, hacheki ovyo. Kazi ya kwanza alitutuma tutembee vyumba vyote kisha tuandike. Unajua nilichoandika? Nilimshukuru Mungu kwa kunifikisha salama. Nikawasalimu wachoraji wote, waliokufa na walio hai. Nikashukuru jumba kwa makaribisho, nikasema kila picha ni nzuri sana na wabarikiwe. Si ndivyo mgeni anavyosimamishwa kanisani kwetu asalimie watu? Nani kwetu amewahi kusimama hapo mbele akasema kwaya imeimba vibaya?

Bi Helen alisoma, akavua miwani. “Mwende,” akasema, “umeshukuru kila mtu, lakini mimi sijaona picha hata moja. Kwanza sema unaona nini. Mengine yatafuata.”

Niliaibika sana, masikio yakawaka moto. Lakini nikajifunza. Anatuweka mbele ya kitu kimoja nusu saa bila kalamu. Tunatafuta mahali mkono wa mwenyewe ulipokimbia na mahali uliposita, kisha tunajiuliza kama alitaka iwe hivyo au ilimshinda. Mwanzoni niliona ni kama utovu wa adabu, kama kuingia boma la mtu na kufunua sufuria zake. Siku hizi naona ni heshima. Mtu amefanya kazi miezi mingi, na wewe unapita tu ukisema ni nzuri, ni nzuri!

Ndipo yakaja maonyesho ya vikapu vya nchi nyingi, wakaniuliza kama najua msukaji wa kwetu. Nikasema, namjua tangu nizaliwe. Ndiyo sababu nilikusumbua utume kiondo. Ulichelewa, na wewe huwa huchelewi, lakini kilifika kikiwa bado na harufu ya moshi wa jikoni kwetu. Kwa kadi walitaka kuandika tu “mwanamke wa Kikamba”. Nilikataa kabisa. Imeandikwa Beatrice Ndunge, Kalamba. Kimening'inizwa peke yake kwa ukuta mweupe, kimewashiwa taa yake, na kivuli chake kinazunguka hapo chini kama kinaota. Siku ya kwanza nililia wazi wazi, na mlinzi haruhusiwi kulia kazini.

Kazi yangu ya darasa ikawa ni kuandika juu ya hicho kiondo. Nikakaa nacho nusu saa, bila kalamu. Nitakuambia nilichoona.

Kitako ni kile chako, kimekazwa hata maji hayapiti. Nyuzi za katani zimesokotwa sawasawa, nikazitazama nikaliona paja lako na ile sehemu iliyolainika kwa kusokota miaka yote hii. Mistari inapanda, nyekundu, nyeupe, nyeusi. Kisha katikati, mstari mweusi unageuka buluu iliyokolea, unaenda hivyo nusu ya mzunguko, halafu unarudi mweusi. Kutoka hapo matundu yanapanuka kidogo kidogo, na zile pembetatu zako za urembo zinaanza kuegemea upande mmoja.

Watu wanakipenda. Kijana mmoja alimwambia mchumba wake kwamba huyu msukaji ana ujasiri, anavunja utaratibu makusudi. Hata mimi niliandika hivyo. Bi Helen akasifu, akasema kazi yangu ichapishwe kwa kijitabu cha maonyesho. Nikafurahi siku mbili nzima.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa hapo chini yake, nikiota ota kama kawaida. Nikakuona kwa ua letu ukisuka kiondo cha mke wa pasta. Uliona uzi mmoja umekosewa huko chini, na mwenyewe ameketi kwa stuli anakingoja, na bado ulikifumua chote mpaka kitako. Nikazinduka. Wewe, Mwaitu, uchanganye nyeusi na buluu makusudi? Wewe?

Nilimpigia ndugu yangu Muthama huko Kibwezi. Kwanza alianza kunihadithia matikiti maji yake na pampu iliyoharibika. Nikamwambia, Muthama, macho ya Mwaitu yako aje? Akaacha habari za pampu, akasema, “Sasa we, alinikataza nikuambie. Alinipita soko ya Kalamba kama mtu hanijui. Nikamwita, akaniuliza, wewe ni mtoto wa nani?”

Nilikaa chini kwa sakafu, Mwaitu. Nilikasirika na nyinyi wote wawili. Kila Jumapili nakuuliza kwa simu na kila Jumapili unaniambia, “Mimi niko tu sawa, mwana, ni vumbi tu.” Na bado ulikubali kunisukia, ukiokota nyuzi kwa kukisia, ili mtoto wako asiaibike mbele ya Wazungu. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nilimweleza Bi Helen kwamba ule si ujasiri aliodhani, ni macho. Alikitazama upya muda mrefu. Akasema, “Umeona kweli. Lakini kuiandika ama kutoiandika si juu yangu, na si juu yako peke yako.” Kwa hivyo nimeifungia karatasi yangu ya darasa ndani ya droo. Ukisema nisiandike habari ya macho yako, nitaichana. Kijitabu kitachapishwa bila mimi na hakuna mtu atakufa.

Nisalimie shangazi wa kule Kikima, mwambie chai yake ilinifikia. Msalimie mke wa pasta mwenye kiondo cha kufumuliwa, na jirani yetu anayekuchotea maji. Mama Halima wa duka, anayekuuzia rangi ya katani, mwambie namuomba akutajie kila rangi anapokupimia, na asikucheke.

Sasa sikiliza. Barua hii nimeituma kwa sanduku la posta la Muthama, akuletee mkononi. Nimemwambia asikusomee hata neno moja. Herufi nimezifanya kubwa ili uzisome mwenyewe, polepole, ukae hapo penye mwanga karibu na mlango. Ukimaliza, inua kichwa. Huyo kijana anayekungoja nje na pikipiki ni mtoto wako, na anakupeleka mjini Wote, kliniki ya macho, leo hii. Usimwambie kuna ndengu za kupura. Ndengu zitangoja.

Mkitoka huko nipigie. Nitakuwa kwa kiti changu chini ya kiondo chako, na simu nitaiweka wazi hata wakinifuta kazi. Usiniambie uko sawa. Niambie unaona nini.

Ni mimi binti yako, mlinzi wa kiondo chako,
Mwende