Mikanda ya Paskalina

Jumanne, 4 Juni

Siku ya pili kazini tangu likizo ya uzazi iishe. Baridi ya Mbulu haina adabu. Asubuhi nilimtembeza mzee aliyevunjika nyonga kwa kuangushwa na punda wake. Namwambia fimbo ishikwe mkono wa upande mzima, ananibishia. Anataka kuishika upande unaouma. Wote huwa wanataka hivyo. Mchana nikaitwa kliniki ya watoto kupima nyonga za wachanga. Unamlaza chali, unakunja magoti, unatazama kama yako sawa, unafungua mapaja taratibu. Wote wazima.

Jioni nimemwogesha Paskalina. Ana miezi mitatu. Alikuwa chali, magoti juu, na mikono yangu ikaanza kazi yenyewe. Goti la kushoto liko chini kuliko la kulia. Nikafungua mapaja. La kulia lililala mpaka kwenye taulo. La kushoto likakwama njiani. Nikarudia. Nikarudia tena mpaka akalia.

Napima watoto wa watu, wangu sikumpima. Sijamwambia mtu.

Jumatano, 5 Juni

Nimempeleka kwa Elibariki, mwenzangu wa fiziotherapia. Sikumwambia nilichoona. Akampima mara moja, akaanza kufunga vifungo vya nguo ya mtoto polepole. Hapo nikajua.

Nimempigia simu mume wangu, Daniel. Anafundisha Gehandu, anarudi nyumbani Ijumaa. Akauliza kama mtoto atatembea. Nikamjibu kwa sauti ya kazini, kama naongea na ndugu wa mgonjwa. Nilijichukia.

Jumatatu, 10 Juni

Arusha na kurudi. Daktari wa mifupa ni mpole na ana haraka. Kichwa cha mfupa wa paja kinatakiwa kukaa ndani ya kikombe cha nyonga. Cha kushoto kinachungulia nje, na kikombe chenyewe ni kifupi, kama kisahani. Kichwa kikitulia ndani, kikombe kitajichimba kadiri anavyokua. Kisipotulia, ni plasta, pengine upasuaji, na bado anaweza kuchechemea maisha yote.

Paskalina amevalishwa mikanda. Mmoja kifuani, miwili inashuka mabegani mpaka miguuni, inashikilia magoti yamekunjwa na kutanuka, chura mtupu. Usiku na mchana, hata kuoga ni kwa kitambaa. Daktari ameweka alama za kalamu pale bizimu za kufungia mikanda zinapokaa. Akasema asiyejua asiziguse. Akanitazama, akaongeza: na mama wa mtoto pia asiziguse, hata kama anajua. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 13 Juni

Mama mkwe amekuja kutoka Maretadu kunishikia mtoto. Nilimwamkia, akaitikia, akamfunua mjukuu wake, akauliza.

"Mama Paska, mbona mnamfunga kama ng'ombe ya mnada?"

Nikaeleza kikombe na kichwa kwa kutumia ngumi na kiganja. Akasikiliza vizuri sana. Kisha akasema mtoto wa kike hakai hivyo, na baridi inamwingia. Yeye amelea watoto wake wote kwa kuwaviringisha blanketi, miguu imenyooka na kubanwa pamoja, na wote wanatembea. Nikamwambia kumbeba mgongoni ni ruksa, huko miguu inatanuka yenyewe. Kuviringisha, hapana. Akasema sawa. Ile sawa ya kuniheshimu tu.

Jumapili, 16 Juni

Nilikuwa zamu. Mama alimpeleka kanisani. Nimerudi, nimekuta mikanda yote imepita alama. Aliilegeza ili gauni jeupe likae. Nimemwambia kwa adabu.

Nimeirudisha mwenyewe kwenye alama.

Jumatano, 19 Juni

Mkanda wa mbele wa kushoto umelegea tena, upana wa ukucha. Mama anasema hajagusa. Simwamini. Nimeuvuta mpaka kwenye alama, halafu nikapitisha kidogo ili akiulegeza ubaki mahali pake. Sikumwambia yeyote.

Hasira inachosha kuliko kazi. Mtu anapika, anafua nepi, anambembeleza mwanangu, na mimi nikitoka kazini naingia mlangoni kama askari wa upekuzi.

Alhamisi, 20 Juni

Umelegea tena. Nimevuta tena. Zaidi.

Jumamosi, 22 Juni

Daniel alikuwa anacheza na mtoto kitandani. Akamtekenya nyayo. Mguu wa kulia ukapiga teke. Wa kushoto haukufanya kitu. Akatekenya tena, akacheka, akasema huu umelala.

Mimi sikucheka. Nimelifundisha hili kwa wanafunzi. Nyonga ikikunjwa kupita kiasi, neva ya mbele ya paja inabanwa, na goti haliwezi tena kujinyoosha. Nikatazama alama ya kalamu. Bizimu ilikuwa mbali nayo.

Daktari kwenye simu hakupandisha sauti. Mvue yote, usimpime, subiri. Mguu ukiamka tutaanza upya. Usipoamka, njia ya mikanda imefungwa. Nikauliza, na nyonga je, ikitoka tukiwa tunasubiri? Akasema ndiyo maana alinikataza kugusa.

Mimi ndiye niliyefanya. Si Mama.

Jumapili, 23 Juni

Hakuna.

Jumatatu, 24 Juni

Hakuna. Kazini nimemfokea mzee wa punda kwa sababu ya fimbo. Akaniuliza, "Mwanangu, leo umeamkaje?" Nikaenda chooni kulia.

Jumanne, 25 Juni

Mama hali. Jana hakula, leo amegusa ugali akaacha. Nilidhani amenikasirikia, na nikaona ana haki. Mchana nimemkuta jikoni, mtoto mapajani, anamsugua goti kwa mafuta na kuongea naye Kiiraqw. Aliponiona akaanza kujitetea.

"Mimi nililegeza siku ile ya kanisa tu. Mara moja tu. Nimeharibu mguu wa mtoto?"

Siku tatu amekuwa akibeba mzigo wangu, nami nimemwacha aubebe. Nikakaa chini nikamwambia. Mkanda mpya huteleza wenyewe, unalowa mkojo, unalegea. Mimi ndiye niliyevuta, kwa sababu nilimdhania yeye vibaya. Nilidhani atanisema. Akauliza swali moja.

"Daktari alikukataza?"

"Alinikataza, Mama."

Akamfunika mtoto, akasema tule.

Ijumaa, 28 Juni

Kidole gumba cha mguu kilikuwa kinacheza siku zote, hicho hakihesabiki. Leo goti. Kidogo, kama mtu anayetaka kuamka halafu anaghairi. Nilimwita Mama. Akasema ameona asubuhi, ila aliogopa kusema, asije akawa ameota.

Jumatano, 3 Julai

Anapiga teke. Daktari ameruhusu tuanze tena. Elibariki amemfunga mikanda kwa maelekezo ya simu, amechora alama mpya, amenitoa nje ya chumba wakati anapima. Yeye atakagua kila wiki. Mimi ni mama tu. Nilisaini kwa mdomo mbele ya Elibariki, daktari akisikia kwenye simu.

Ni vigumu. Kila nikimnyonyesha mkono unateremka kwenye paja.

Jumatatu, 15 Julai

Mama amegundua nikimnyonyesha mkono wangu unahangaika, sasa hunipa kikombe cha chai nishike. Chai ya moto. Haelezi sababu. Mzee wa punda ameruhusiwa kurudi nyumbani, fimbo mkono sahihi, na amekiri kwa shingo upande kwamba inasaidia.

Baridi bado. Mama amefuma soksi ndefu za sufu zinazopita juu ya mikanda. Mtoto anafanana na kitu cha kuchekesha, sijui nini.

Jumatatu, 5 Agosti

Arusha. Safari hii tulikwenda na Mama. Daktari alipima, kisha akapitisha mashine ya ultrasaundi. Kichwa kimo ndani. Kikombe bado si kirefu, lakini kimeanza kuchimbika. Mikanda itavaliwa usiku tu, mchana awe huru. Picha nyingine akifika miezi sita. Hakusema amepona, na sikumlazimisha aseme.

Mama aliomba aonyeshwe. Daktari akageuza kioo. Akatazama ule weusi na weupe muda mrefu, akauliza kikombe ni kipi. Akaonyeshwa. Akasema, "Kumbe ndiyo hii tulikuwa tunagombania."

Jumapili, 11 Agosti

Hatukwenda kanisani, Daniel ana mafua. Jua lilitoka mapema. Mama alichemsha maji, tukaweka beseni uani, na Paskalina ameogeshwa mwili mzima ndani ya maji. Alishangaa kwanza. Kisha akapiga maji kwa miguu yote miwili mpaka sketi yangu ikalowa na Mama akasogea nyuma akilalamika. Nikampaka mafuta, nikamvalisha, Mama akamfunga mgongoni, akazunguka naye kwenye mahindi yaliyoanikwa mpaka akasinzia.

Nilikuwa namwaga maji ya beseni nilipokumbuka kwamba sikumpima.